Mlima Uliovua Barafu

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili niseme neno na wenzangu wanaosoma jiografia, na hata wale walioiacha kwa kuiona ngumu. Neno lenyewe ni hili: sisi watu wa Busia na Tororo tunao mlima mmoja mkubwa, ambao zamani ulivaa barafu na ambao leo watupa maji, lakini twausoma nusu nusu, kila upande wa mpaka nusu yake, na wengine hawausomi kabisa. Maoni yangu ni kwamba hiyo ni hasara kubwa, na kwamba sisi wanafunzi twaweza kuipunguza bila kungoja mtu mkubwa atuanzie.

Nitaanza mbali kidogo, kisha nirudi nyumbani.

Katika bara la Antaktika, kwenye Ncha ya Kusini ya dunia, iko safu ya milima iitwayo Shackleton. Urefu wake toka mashariki hata magharibi ni kilometa 160 hivi. Kaskazini yake hupita mto wa barafu uitwao Slessor, na kusini yake hupita mwingine uitwao Recovery. Nisemapo mto wa barafu, msomaji asidhani ni mto wa maji uliofanya utando juu. Ni barafu tupu, nene ajabu, iliyorundikana kwa theluji kuangukia theluji miaka na miaka, hata uzito wake wenyewe ukaifanya iteleze polepole kuelekea baharini. Safu ile imebanwa katikati ya mito hiyo miwili kama kisiwa. Hakuna mti, hakuna shamba, hakuna kijiji.

Sasa fikirini jambo hili. Kilele kirefu kuliko vyote katika safu ile hufika meta 1,875 juu ya usawa wa bahari. Mwamba wa Tororo, ambao kila msafiri wa barabara ya Kampala huuona, hufika meta 1,483. Yaani kile kilele cha Antaktika kingesimamishwa kando ya mwamba wetu, kingeupita kwa meta 392 tu. Nao Mlima Elgon, kwa kilele chake cha Wagagai, hufika meta 4,321, zaidi ya mara mbili ya kile. Mbona basi mlima mfupi umezungukwa na barafu, na huu wetu mrefu hauna hata donge moja?

Jibu si gumu. Kule kwenye ncha ya dunia jua hupita chini chini, miale yake huja kwa kulala, na kwa miezi kadhaa ya mwaka halionekani kabisa. Huku kwetu Ikweta hupita karibu na Maseno, na jua la mchana hutusimamia utosini. Anayetaka baridi hapa hana budi kupanda juu, kwa maana kila meta 1,000 za kupanda joto hupungua kwa digrii 6 hivi. Basi kule barafu huletwa na umbali kutoka Ikweta. Huku huletwa na kimo cha mlima peke yake. Ndiyo sababu katika Afrika Mashariki yote barafu ya kudumu imebaki juu ya milima mitatu tu: Kilimanjaro, Mlima Kenya na Rwenzori. Elgon ni mrefu, lakini kwa joto la siku hizi kimo chake hakitoshi.

Zamani kilitosha. Miaka 20,000 hivi iliyopita dunia ilikuwa na baridi kuliko sasa, na barafu ilifunika sehemu za juu za Elgon. Haya si maneno ya kubahatisha, kwa sababu barafu huacha alama kama mchongaji aachavyo alama za tezo. Mto wa maji huchimba bonde jembamba chini, lenye umbo la herufi V. Mto wa barafu hukwangua chini na kando pia, ukaacha bonde pana lenye umbo la herufi U. Kule ulikoanzia huacha shimo kama bakuli, na mara nyingi maji hutuama humo yakawa kiziwa. Pale ulipoyeyukia huacha malundo ya mawe na udongo, yaliyochanganywa makubwa kwa madogo. Alama hizo zote ziko juu ya Elgon.

Mwaka jana mimi na wenzangu wa chama cha jiografia tulipanda kwa upande wa Kenya hata Koitobos, kilele cha meta 4,222. Tulipita mashamba ya mahindi, tukapita msitu wa miti mikubwa, tukapita mianzi, kisha tukatokea mahali pa nyasi ndefu na mimea ya ajabu iliyosimama kama watu waliovaa makoti. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, ambao Waswahili huuita sakitu. Huko juu nililiona bonde la umbo la U, jinsi lilivyochorwa katika kitabu chetu, ila kitabuni picha ilikuwa ya Ulaya. Tulipofika ukingoni mwa shimo kuu la volkano, ambalo upana wake ni kilometa 8 hivi, mwalimu wetu alituambia kwamba ng'ambo ile ni Uganda. Tulitazama sana. Palikuwa na mawe, nyasi na ukungu, sawa na upande wetu.

Hapa ndipo maoni yangu yanapoanzia. Mpaka wa Kenya na Uganda kama tuujuavyo leo ulielezwa kwa amri ya mwaka 1926. Wale walioupanga walitafuta alama ambazo kila mtu aweza kuziona, wakachagua mito: toka ziwani kwa Mto Sio, kisha Malaba, kisha Lwakhakha hata chanzo chake juu ya Elgon, kisha kilele cha Sudek, na kushuka upande wa pili kwa Mto Suam. Lwakhakha na Suam ni watoto wa mlima wenyewe. Kwa hiyo mlima ulitoa maji, na watu wakayafanya ukuta. Siwalaumu kwa kutafuta alama, kwani nchi haina budi kuwa na mipaka. Nalaumu kwamba akili zetu nazo zimesimama pale pale penye alama. Mwanafunzi wa upande wa Kenya huchora Elgon kama nusu mwezi, na yule wa Uganda huchora nusu ya pili. Hakuna anayeuona mlima mzima, isipokuwa ndege.

Tazameni sasa kazi ya mlima huo. Maji yake hugawanyika njia tatu. Mto Malaba na Mto Manafwa hushuka kuelekea Mto Mpologoma na Ziwa Kyoga, na Manafwa ndio hunywesha mashamba ya mpunga ya Doho huko Butaleja. Mto Nzoia, upokeao maji ya Elgon na ya milima ya Cherangani, huingia Ziwa Viktoria huko Budalangi, katika Busia yetu. Nao Suam, utokao ndani ya shimo la volkano lenyewe, huzunguka kwenda kaskazini, ukabadili jina kuwa Turkwel, ukamwaga maji yake katika Ziwa Turkana kwenye nchi kavu. Mlima mmoja, maziwa matatu. Sijui somo gani la jiografia laweza kupita hilo kwa uzuri, nalo tumewekewa mlangoni bila ada.

Na mlima huo hutunzaje maji hayo? Hili ndilo naomba msomaji alishike. Milima ya Antaktika huweka maji yake katika barafu. Bara lile peke yake lina sehemu kubwa ya maji baridi yote ya dunia, lakini yamefungwa, hayanyweki. Elgon ulikwisha vua barafu yake maelfu ya miaka iliyopita. Siku hizi ghala yake ni vitu vitatu: msitu, udongo, na zile nyasi za majimaji zilizoota katika mabonde yaliyochongwa na barafu ya zamani. Mvua ikinyesha, majani huipunguza nguvu, mizizi huifungulia njia, udongo huinywa kama sifongo, kisha maji hutoka kidogo kidogo mwaka mzima. Mtu anayeteka maji Malaba mwezi wa Januari, wakati wa jua kali, anateka mvua iliyonyesha miezi iliyopita juu sana, mahali asipopata kupaona.

Ghala hiyo ikibomolewa, maji hayapotei. Huja yote pamoja. Tarehe 1 Machi mwaka 2010, baada ya mvua kubwa, ardhi iliporomoka huko Nametsi katika wilaya ya Bududa, ikafunika nyumba na watu. Waliokufa walizidi mia. Mwezi wa Oktoba mwaka 2018 maafa yakarudi Bukalasi, katika wilaya hiyo hiyo, na watu zaidi ya 40 wakafa. Mteremko wa Elgon ni mkali, udongo wake ni mzito, na mvua yake ni nyingi. Basi msitu ukiondolewa kwenye miteremko kama ile, mlima hukosa kamba za kuufungia udongo. Sisemi kwamba kila mporomoko hutokana na shoka. Ardhi ya volkano iliyo mwinuko huporomoka hata pasipo shoka. Lakini shoka huongeza hatari. Na kule chini, Budalangi, jamaa zetu wamezoea kuyatazama matuta ya Nzoia kila msimu wa mvua, kwa maana yakipasuka hukimbia na watoto na mbuzi hata penye mwinuko.

Watu wengine watasema: haya ya msitu twayajua, lakini barafu ya zamani ina faida gani kwa mkulima wa muhogo wa Busia? Swali hilo ni la haki, nami najibu hivi. Barafu ya Rwenzori inakwisha mbele ya macho yetu. Mwaka 1906, mtawala mdogo wa Abruzzi kutoka Italia alipovipanda vilele vile, barafu ilienea zaidi ya kilometa za mraba 6. Mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilometa moja ya mraba. Mwaka 2022 UNESCO ilionya kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya yaweza kutoweka kabla ya mwaka 2050. Zamani barafu ya Elgon ilikwisha kwa mabadiliko ya dunia yenyewe, kwa maelfu ya miaka. Hii ya sasa inakwisha kwa haraka, na sehemu kubwa ya sababu ni moshi wa viwanda na magari, mwingi wake kutoka nchi za mbali. Basi Elgon ni kaka mkubwa wa milima ile mitatu. Yaliyoupata zamani ndiyo yanayoipata hiyo leo, na ataka kujua mlima unaishije pasipo barafu aje ausome huu. Mkulima akijua kwamba mlima wake hauna akiba nyingine ila msitu na udongo, ataelewa kwa nini mti wa juu ni mali ya mtu wa chini.

Wengine watasema kwamba elimu ya barafu ni ya Wazungu, waliozaliwa nayo. Hao nawakumbusha habari za Vivian Fuchs. Mwingereza huyu ndiye aliyeongoza msafara wa Jumuiya ya Madola uliovuka bara la Antaktika toka pwani hata pwani, kuanzia tarehe 24 Novemba mwaka 1957 hata tarehe 2 Machi mwaka 1958, siku 99. Msafara wake ndio ulioipa ile safu ya Shackleton jina lake. Lakini kabla ya kwenda kwenye ncha ya dunia, Fuchs alifanya kazi ya kuchunguza miamba huku kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1934 aliongoza msafara wa Ziwa Rudolf, ambalo leo ni Ziwa Turkana, na wenzake wawili walikwenda kisiwa cha kusini cha ziwa lile wasionekane tena. Ziwa hilo ndilo linywalo maji ya Suam, maji ya shimo la Elgon. Mtu yule alijifunza kusoma ardhi kwenye jua la Turkana, akaenda kuisoma kwenye barafu ya kusini. Ardhi ni kitabu kimoja chenye kurasa nyingi. Ikiwa mgeni alianzia ukurasa wetu, sisi wenyeji tuna udhuru gani wa kuurukia?

Wako pia watakaosema kwamba mtihani hauulizi habari za Elgon. Kwa kweli mtihani huuliza kazi ya barafu, na huuliza mifano. Mwanafunzi aliyeliona bonde la umbo la U kwa macho yake hatalisahau siku ya mtihani, wala hatalisahau akiwa mzee. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Milima ya Alps na ya Antaktika tuisome, nami sitaki ifutwe katika vitabu. Ila tuisome tukiwa tumesimama juu ya mlima wetu, tupate kipimo cha kulinganisha.

Udhuru wa mwisho ni mpaka. Ati mwanafunzi wa Busia atawezaje kusoma mlima ulio nchi mbili? Nashangaa sana kusikia neno hili hapa, kwa kuwa watu wa hapa wamekuwa wakivuka tangu mpaka haujakuwa mpaka. Wateso wako huku na huko. Wasamia wako huku na huko. Wajomba zangu mimi wako Tororo, na kila Krismasi mama hutupeleka kwao. Neno boda boda, ambalo sasa lasemwa hata miji ya mbali, lilizaliwa kwa baiskeli zilizochukua watu toka forodha moja hata nyingine papa hapa kwetu. Tena mwezi wa Februari mwaka 2018 marais wa nchi zote mbili walifungua hapa Busia kituo cha pamoja, ili mwenye lori asimamishwe mara moja badala ya mara mbili. Ikiwa gari la saruji ya Tororo laweza kukaguliwa na maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja, kwa nini mlima usiweze kusomwa na wanafunzi wa nchi mbili kwenye meza moja?

Basi nashauri mambo matatu, nayo ni madogo.

La kwanza, kila shule ya Busia na Tororo iwe na ramani moja ya Elgon nzima, iliyochorwa na wanafunzi wenyewe. Mpaka uonyeshwe kwa mstari mwembamba, na mito ionyeshwe kwa mistari minene. Mlima uandikwe majina yake yote: Elgon, ambalo husemwa limetoka kwa Wakony, na Masaba, kama waitavyo Wagisu. Mtoto akiitazama kila siku ukutani, ataelewa maji yake yatoka wapi bila kuhubiriwa.

La pili, tupime mvua. Chombo cha kupimia mvua chaweza kutengenezwa kwa chupa pana na rula. Shule moja ya juu upande wa Bududa, moja ya Tororo, moja ya Busia na moja ya Budalangi zikipima kila asubuhi saa tatu na kupelekeana hesabu kwa simu ya mwalimu, baada ya mwaka mmoja tutakuwa na daftari ambalo hakuna kitabu cha duka kitakachotupa. Sisemi kwamba chupa zetu zitazuia mporomoko. Kazi ya kuonya watu ni ya wataalamu wa hali ya hewa, nao wana vyombo vyao. Lakini mtoto wa Budalangi aliyezoea kuuliza, "Leo huko juu imenyesha kiasi gani?" akiwa mtu mzima atauliza swali hilo hilo kwa diwani na mbunge wake, naye hatakubali kujibiwa ovyo.

La tatu, mara moja kwa mwaka wanafunzi wa pande mbili wapande pamoja, kwa idhini ya walimu, ya wazazi na ya walinzi wa hifadhi, mwaka huu kwa njia ya Kenya na mwaka ujao kwa njia ya Uganda. Wasiende kwa mashindano ya mbio. Waende na daftari, wachore mabonde, wahesabu vijito, wawaulize wazee wa huko jinsi msitu ulivyokuwa walipokuwa vijana. Wale wa Uganda watatuonjesha malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, nasi tutawapelekea samaki wa ziwa letu. Jiografia ikipita mdomoni haitoki upesi kichwani.

Gharama ya mambo haya ni karatasi, chupa chache na nauli. Hasara ya kuyaacha ni kubwa zaidi, kwa maana kizazi kisichojua kuwa mlima ni mmoja kitakata msitu upande huu, na kulia mafuriko upande ule, kisha kila nchi itasema ni kosa la jirani.

Wahenga walisema milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Huu wetu hauna haja ya kukutana na mwingine; ni mmoja tangu ulipotoka katika moto wa chini ya ardhi, ukavaa barafu, ukaivua. Waliobaki kukutana ni sisi. Yeyote mwenye maoni mengine, hasa wenzetu wa shule za Tororo, namwomba ayaandike katika toleo lijalo, nami nitayasoma kwa furaha, hata akinipinga.